Mawe ya Zahanati

Nyamizi alikuwa amelala barazani mwa zahanati, juu ya ngozi ya ng'ombe, akivuta pumzi fupi fupi, mkono umekandamiza ubavu. Ndani kulinukia dawa na chokaa mbichi. Chokaa hiyo mumewe, Nkwabi, ndiye aliyeipaka.

"Ni kichomi," alisema Januarius, dresa aliyetibu hapo. "Sindano ninayo. Lakini shamba lako halina matuta, Nkwabi. Baraza la kijiji limekata shauri: asiyelima kwa matuta hatibiwi hapa, yeye wala nyumba yake, mpaka ayafanye."

"Nani aliyejenga hapa, dresa?"

Januarius alitazama chini. "Nenda kwa Mwanangwa. Akitamka tu, namchoma sasa hivi."

Kashindye, mama yake Nkwabi, alikuwa akimpepea mkwewe kwa ncha ya khanga. "Nenda, baba," alimwambia mwanawe. "Usigombane naye. Nenda na maneno laini."

Nkwabi alikuwa nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kulima kwa zamu. Akipuliza filimbi, majembe yalitoka kila nyumba. Akianzisha wimbo, mvivu aliona haya. Ndiyo maana msimu wa matuta ulipokaribia, Mwanangwa Maganga, mkuu wa kijiji, alimfuata mwenyewe nyumbani. Serikali, alisema, italeta dresa na dawa, watu wakijenga nyumba ya zahanati.

"Acha shamba lako kwanza. Wapeleke vijana wakasombe mawe. Mkimaliza, wote watalima kwako. Na aliyebeba jiwe pale hatakosa dawa, yeye na watu wake."

Wakasomba mawe wakiimba. Nyumba ilipokwisha, Mwanangwa akawachukua vijana kwenye pamba yake. Mvua ikashika. Nkwabi na Nyamizi wakapanda mahindi yao, wao wawili tu, kwenye ardhi tambarare, maana mvua haimngoji mtu.

Sasa alimkuta Maganga kivulini, na wazee wawili, na kibuyu cha togwa.

"Wangaluka, Mwanangwa."

"Wangaluka, mwanangu. Keti, unywe."

"Nyamizi anakufa. Dresa anangoja neno lako."

"Pole sana. Lakini neno si langu. Ni la baraza."

"Nawe ulikuwemo."

"Nilikuwemo. Nikanyoosha mkono kama wenzangu. Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, alikuwa akitutazama mmoja mmoja."

"Uliniambia niache shamba."

"Nilikuambia uliache. Nilikuambia usilirudie?" Wazee wakacheka. Mmoja akasema, "Nsumba ntale huyu, kwa nyimbo hodari, kwa jembe la kwake je?"

Nkwabi aliyakumbuka maneno laini, akayameza mengine. "Vijana walilima kwako, Mwanangwa."

"Na matuta yakatoka mazuri! Bwana shamba aliyasifu mbele za watu." Maganga alifuta midomo. "Sikiliza. Nikikupendelea wewe, kesho nitamkatalia nani? Nenda ukainue matuta. Malimi, bwana shamba, yuko hapa leo. Akiridhika, namtuma mtu kwa dresa."

Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Nkwabi alisimama pembeni ya shamba kidogo tu, kisha akapiga jembe. Mashina yalilala, udongo ukayafunika. Vijana walisikia, wakaja mmoja mmoja na majembe yao, wakashika mistari bila kuulizwa. Mmoja aliguna mwanzo wa wimbo, mwenzake akamgusa bega, akanyamaza.

Malimi alifika kwa baiskeli, akashuka, akasimamisha fimbo yake ya kupimia kando ya tuta la kwanza.

"Hili limelala. Inua."

"Bwana, mke wangu—"

"Nimeambiwa. Ndiyo maana nimekuja upesi, hata chakula sijala. Inua, nipate kusema ndiyo."

Nkwabi aliinua. Jasho lilimwingia machoni. Alivuta udongo kwa jembe, tena kwa mikono, akiupigapiga pamoja na majani mabichi yaliyochomoza.

Vijana ndio waliotangulia kuona. Kwenye njia itokayo zahanati walikuwa wanakuja wanawake, Kashindye mbele, mikono kichwani, na hakuna aliyekuwa na haraka. Jembe moja likatua chini, kisha la pili, mpaka yote.

Malimi alikuwa ameipa njia mgongo. Aliinama, akafumba jicho moja, akapima.

"Sasa limekaa," alisema. "Haya, twende la pili."