Kola ya Shingo

Kwenye semina ya majeraha ya uti wa mgongo, tabibu aliyebakiza miezi minne kustaafu alikaa nyuma kabisa, kanuna. Mkufunzi alikuwa binti ambaye zamani yeye mwenyewe alimfundisha kushika sindano.

"Eksirei inaonyesha mifupa," binti alisema. "Kano zinazofunga pingili haizionyeshi. Hata picha ikiwa safi, bonyeza kwanza nyuma ya shingo, katikati; akiumia, usimvue kola."

"Makubwa," tabibu alinong'ona.

Jumatatu akaletwa mwashi aliyeanguka kutoka ngazini, shingo imefungwa kola. Picha ilikuwa safi. Tabibu alishatamka maneno yake ya miaka thelathini, "Mfupa mzima, nenda nyumbani," na vidole vilishafika kwenye kola, ndipo akakumbuka. Akapitisha kidole nyuma ya shingo, akabonyeza. Mwashi akauma meno. Kola ikabaki, akapelekwa hospitali kubwa akiwa amelala, na huko wakakuta kano imechanika.

Miezi miwili baadaye mwashi aliingia kituo cha afya kushukuru. Alipotoka, tabibu akampigia simu yule binti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Jamani mwalimu wangu, shikamoo ni mimi nikupe wewe."

"Yako nitaipokea kesho. Hii kaileta kwa miguu yake mwashi niliyembonyeza shingo, nayo ni yako."