Nyumba Iliyopanda Hadi Juu ya Ukuta

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kiwandani kusafisha mwani, Fumie alipita kwenye nyumba ya marehemu mama yake kufungua madirisha ya mbao upande wa bahari. Nyumba isiyopigwa upepo huoza. Jumatatu ile alibeba ngazi yake ya kukunjua, kwa sababu nyumba ilikuwa imepanda tena na kizingiti kilimfika begani.

Ilianza kupanda wiki ileile kaka yake, Masanobu, aliposimika kibao cha kuuza. Ilipanda kimya, na bomba la maji likarefuka nayo bila kuvuja. Majirani waliona. Bibi Orie wa nyumba ya pili alilalamika tu kwamba kivuli chake sasa kinafika kwenye figili alizoanika.

Fumie alijua inakoelekea. Baada ya mawimbi makubwa ya tsunami, serikali ilijenga ukuta wa zege mrefu kama ghorofa tatu, na tangu hapo bahari haikuonekana tena mjini. Mama yao, aliyevuna mwani maisha yake yote, aliugua miaka ya mwisho akiwa amelala anautazama ukuta. Kila jioni Fumie alipanda ngazi za ukuta, akaitazama bahari, akarudi kumweleza ilivyoamka na ilivyolala. Masanobu alikuja Mwaka Mpya kutoka mji wa Sendai, akala, akaondoka.

Kabla ya kibao, siku ya arobaini na tisa baada ya kifo cha mama, kwenye karamu ya kumaliza matanga, mbele ya wajomba na mashangazi, Masanobu alimsogezea dada yake karatasi ya kuachia urithi. Hivyo ndivyo ilivyofanyika pale: nyumba ni ya mtoto wa kwanza wa kiume. Kukataa kwenye karamu ya marehemu ni kumwaibisha marehemu. Mjomba alimmiminia pombe ya mchele. Fumie akatoa mhuri wa jina lake mkobani, akaupiga badala ya sahihi.

Nyumba ilipofika usawa wa ukuta, Masanobu alikuja na dalali, Bwana Kudo. Fumie alikuwa juu, anafagia ukumbi.

"Shuka tuongee," Masanobu alisema.

"Panda wewe. Si nyumba yako?"

Alipanda polepole, viatu vyake vya ofisini vikiteleza kwenye vipago. Alipofika juu, Fumie alimwambia kwamba hakuja kulia wala kuomba, anataka ile karatasi ichanwe.

"Mhuri umepiga mwenyewe. Nani alikushika mkono?"

"Mjomba alinishikisha bilauri, we ukanishikisha karatasi. Mkono wa kukataa ningeutoa wapi, kaka?"

"Na nyumba unaitakia nini? Mume huna, mtoto huna."

"Nilikuwa na mama."

Masanobu alitazama saa yake.

Bwana Kudo, aliyekuwa amepanda nyuma yake, aliinamia madhabahu ya wafu, kabati dogo lenye picha ya mama, kwa heshima, kisha akachungulia dirishani. Bahari ilikuwa pale, rangi ya chuma, na mashua za mwani juu yake. Akashuka, akatoa kalamu nene, na chini ya maandishi ya kibao akaongeza: *Inaona bahari*. Masanobu akapandisha bei papo hapo.

Mume na mke kutoka Tokyo waliinunua kabla mvua za mwezi wa sita hazijaisha. Waliuliza jambo moja tu: je, ngazi imo? Masanobu akajibu kwamba imo.

Madhabahu haikuwa na nafasi katika nyumba yake ya Sendai. Fumie aliifunga mgongoni kwa kamba ya mama yake ya kubebea mwani, picha ya marehemu ikitazama nje, akashuka nayo kipago kwa kipago. Akaiweka katika chumba alichopanga nyuma ya kiwanda.

Asubuhi iliyofuata alifungua mlango na kukuta ardhi imeshuka shubiri moja. Jirani yake alikuwa uani anaanika nguo.

"Nawe umeanza?" jirani aliuliza.

"Mama huyo."

"Haya. Ukifika juu, maji ya kuoshea vyombo usinimwagie."

Fumie akamwahidi. Kisha akaenda hadi kwenye nyumba ya zamani. Wenye nyumba wapya walikuwa wamekwisha kuingia. Alisikia sauti zao juu, dirishani, wakihesabu mashua. Hakuwaita. Akaitwaa ngazi yake, akaikunja, akaiweka begani, akaenda nayo kwake.