Toa Chumvi

Nyumbani kwetu gazeti halikusomwa kimya. Baba alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji, na hata baada ya kustaafu penseli haikuhama nyuma ya sikio lake. Alikuwa akitusomea habari kwa sauti, na sisi tukisikia neno la kupandisha watu hasira au kuwatoa machozi, tunapiga kelele, "Chumvi!" Naye analikata. Tumekua hivyo. Mpaka leo kaka yangu akisema anakufa kwa njaa, namwambia toa chumvi, sema una njaa.

Kaka huyo ni dereva wa gari la wagonjwa. Mtaani wanamwita Breki, maana anaendesha kwa uangalifu mpaka kuku wanavuka kwa maringo.

Siku ile alikuwa amembeba binti aliyebanwa na pumu, nesi yuko naye nyuma. Katikati ya njia injini ikachemka, mvuke ukatoka puu. Breki akakimbilia kibanda cha chai kuomba maji. Mwenye kibanda hakuwa na ndoo, akamkingia kwenye kikombe kikubwa cha bati. Akawa anamimina kwenye rejeta, anarudi, anakingiwa tena. Gari likawaka, wakaondoka. Binti akakata roho kabla ya kufika.

Kumbe kuna mtu kampiga picha kibandani, kikombe mkononi. Asubuhi gazeti likaja na herufi kubwa kama matofali: DEREVA ANYWA CHAI, BINTI AKATA ROHO. Jamani! Nilitukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Lile gazeti hata kusafishia vioo lingevichafua.

Msibani Breki alienda, akaishia getini. Wajomba wa marehemu walimfukuza kama mwizi. Kazini wakamsimamisha, lakini si hilo lililomkondesha. Alikaa chumbani, chakula namwekea, chakula nakiondoa.

"Mdogo wangu," akaniambia, "yule mama anaamini nilikuwa nakunywa chai. Mwanawe anakufa, mimi nakunywa chai. Nitaishije na hilo?"

Nikaenda kumwambia Baba. Baba akatandaza gazeti mezani, akavaa miwani, akasoma: "Huku akionekana kutojali, dereva huyo alisimama kibandani na kikombe mkononi—"

"Chumvi!" nikasema. Akakata *huku akionekana kutojali*.

"—ilhali ndani ya gari binti mpole, tegemeo pekee la mama yake mjane, alikuwa akipigania pumzi yake ya mwisho."

"Chumvi! Chumvi! Chumvi!"

Penseli ikafanya kazi. Chini yake Baba akaandika maswali, kama alivyokuwa akiwaandikia waandishi wake: *Kikombeni kulikuwa na nini? Nani alionja? Nesi alikuwepo, mbona hakuulizwa? Mwenye kibanda je?* Halafu akanakili kilichobaki kwenye karatasi safi, akaongeza la maji na la injini. Nilimwona mzee wangu kainamia karatasi, mwandiko bado umenyooka. Nilimpenda sana siku ile.

Nesi ndiye aliyetuombea nafasi kwa yule mama. Tulimkuta sebuleni, cherehani yake imefunikwa shuka, picha ya binti imewekwa juu yake. Alitupa viti, lakini pole zetu hakuzijibu. Breki alikaa karibu na mlango, macho chini.

Baba akasoma: "Gari lililombeba mgonjwa wa kike lilipata hitilafu. Dereva alisimama kuomba maji ya injini. Alipewa kwenye kikombe. Safari iliendelea. Mgonjwa alifariki kabla ya kufika hospitali."

Nikajisikia tumeshinda. Hakuna hata punje ya chumvi humo! Nikasubiri mama yule alie, amwombe kaka yangu radhi.

"Huyo mgonjwa wa kike," akauliza, "ni nani?"

Baba akaitazama tena karatasi yake.

"Yule wa gazetini aliandika uongo kuhusu kijana wako, sawa, nesi ameniambia. Ni maji, nimekubali. Lakini aliandika kwamba mwanangu alikuwa mpole. Aliandika kwamba nilikuwa namtegemea. Hayo ni uongo?"

"Hapana, mama," Baba akasema polepole.

"Sasa mbona mmeyafuta?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Sisi mahodari wa kuchambua habari, tumeingia nyumba ya msiba na karatasi ambayo marehemu hayumo.

Yule mama akamgeukia Breki. "Wewe ulikuwa naye. Acha karatasi ya baba yako. Niambie."

Kaka akainua macho. "Nilipotoka kumwaga maji ya mwisho, nilifungua mlango wa nyuma kumtazama. Akanishika mkono wa shati. Pumzi hana, neno moja moja. Akasema, 'Kaka. Mama anakuja nyuma. Mwambie asivae vile viatu vyeusi. Vinamuumiza.'"

Yule mama akatazama miguu yake. Sote tukatazama. Alikuwa pekupeku, na vidole vimetoka malengelenge, mengine yamepasuka.

"Nilivivaa hospitali," akasema. "Nikavivaa na makaburini."

Ndipo akalia. Hakulia kwa kelele. Alijikunja tu, akashika vidole vya miguu yake kwa mikono yote miwili. Breki akapiga magoti sakafuni mbele yake, naye akilia, na yule mama hakumfukuza. Baba akavua miwani, akaichomoa penseli sikioni, asijue aiweke wapi.

"Sasa mwanangu," mama akamuuliza Breki alipopata sauti, "siku zote hizi kwa nini hukulisema hilo? Hata nyumbani kwenu?"

Breki akamtazama Baba, akanitazama mimi.

"Nilidhani ni chumvi," akasema.