Neno la Katikati ya Kadi

"Hapa umeruka," bibi Balbina alisema, akaweka kidole juu ya kadi. "Umesoma juu, umesoma chini. Hapa katikati umeruka, mjukuu wangu."

Fulgensi alishikwa pabaya. Kwa miaka tisa, katika steshenari yake ya Lipangalala, alikuwa amewatafsiria watu barua za Kiingereza, majibu ya vipimo, hata talaka, na hakuna aliyewahi kumfuatilia kwa kidole. Bibi huyu Kiingereza hakukijua, ila kuhesabu maneno alijua. Tena kiti chake alikiweka mlangoni kabisa, hata kutoka nje kusingizia simu haikuwezekana.

Kadi ilikuwa ya mwaka 1978, ya wodi ya wazazi, mwandiko wa nesi Mzungu. Bibi alijifungua mtoto mfu. Mama mkwe akamgeuza uso ukutani, ndivyo walivyofanya kwa uzazi wa namna ile. Kinamama wazee wakamchukua mtoto, wakamzika migombani bila jina, na mzazi akakatazwa kulia asije akamwita mwingine kama yule. "Umezaa zimwi," mama mkwe alimwambia, basi. Leo bibi ametoka kijijini Michenga kuja kuuliza kama ndivyo ilivyokuwa.

Na pale katikati aliporuka, kadi ilisema "monster".

Fulgensi aliinamia kompyuta. Kamusi ikamletea zimwi, jitu la kutisha. Akatafuta asili ya neno, akidhani huko nyuma atapata pa kupenyea.

"Limetoka kwenye Kilatini, bibi. Zamani maana yake ilikuwa onyo. Ishara ya Mungu."

"Onyo la nini? Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

Afadhali angenyamaza. Akasoma tena. "Baadaye madaktari wakalitumia kwa mtoto ambaye hakuumbika sawasawa tumboni. Lilikuwa neno lao la kazi."

"Na sisi watu wa kawaida?"

Alitamani umeme ukatike. Mji mzima unakatiwa umeme kila siku, leo taa inawaka tu.

"Zimwi," akasema.

Bibi hakulia. Alitazama mikono yake. "Kumbe yule mama hakunidanganya."

Hilo lilimuuma Fulgensi kuliko machozi. Akaivuta kadi, akaisoma upya kwa haraka, akitafuta chochote cha kumpa.

"Kuna herufi hapa. Alikuwa wa kike, bibi."

"Wa kike?" Hakuna aliyewahi kumwambia.

"Wa kike. Na walimpima. Kilo mbili na nusu."

"Walimweka kwenye mizani?"

"Walimweka."

"Kilo mbili na nusu ni kama nini?" bibi aliuliza.

Fulgensi aliangaza macho dukani. Akachukua rimu ya karatasi, imefungwa bado, akampa. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaipima, kisha mkono wa kushoto ukasogea taratibu chini ya upande mmoja, akaivuta kifuani.

Mwalimu Levina alichungulia dirishani na mitihani yake ya kutoa kopi. "Fulgensi, karatasi zipo?"

"Zimeisha, mwalimu."

Bibi alikuwa ameifunika ile rimu kwa pindo la kitenge chake.