Chungu Kilichomwagwa

Bibi Stoyna alifariki Jumanne ya tarehe nne Novemba, kabla ya saa nne asubuhi, akiwa ameketi kwenye benchi la jikoni na soksi moja mkononi. Binti yake Milka alikuwa kiwandani, akishona mifuko ya suruali. Alipopigiwa simu alipitia mjini kwanza kutafuta cheti na jeneza, maana hapakuwa na wa kutumwa. Mumewe alikuwa Austria na lori lake. Alipofika kijijini alasiri, marehemu alikuwa ameshaoshwa na kuvalishwa, vioo vimefunikwa kwa shuka, na jirani yao, Bibi Trendafila, anaiendesha nyumba kama yake.

Mtu akifa, kila kimiminika kilichoachwa wazi humwagwa, kwa sababu mauti huosha kisu chake humo anapopita. Ndivyo ilivyo huku milimani, na hata wasioamini humwaga, maana maji si gharama. Bibi Trendafila alimwaga ndoo, birika, bakuli la mbwa na chombo cha maua. Akamwaga na chungu cha udongo kilichokuwa kando ya jiko, kimefunikwa kitambaa tu.

Milka hakutambua mpaka siku ya tatu, baada ya maziko, mtoto wake Yana alipoomba mtindi.

"Bibi Trendafila, chungu cha mtindi kiko wapi?"

"Kipo rafuni. Nimekisugua kwa majivu mpaka kimeng'aa."

"Na kilichokuwamo?"

"Nilimwaga. Ulitaka mtoto anywe maosheo ya kisu?"

"Ilikuwa chachu ya mama ya kugandishia mtindi! Miaka arobaini ile chachu!"

"Tumemzika mtu jana, wewe leo unalilia maziwa."

Milka alimfungulia mlango na kumwambia atoke. Wakakaa majuma matano bila kusalimiana, nyumba zao zikitenganishwa na ukuta mmoja wa mawe.

Hasira ile ilikuwa na sababu. Yana, mwenye miaka tisa, alizaliwa na pumu ya ngozi. Alipokuwa na miaka mitatu alijikuna mpaka shuka zikaingia damu, na hapo ndipo bibi yake alipomchukua mikononi mwake, akimpa mtindi asubuhi na jioni. Alipofika miaka mitano ngozi ilikuwa imetulia. Bibi Stoyna hakumpa sifa mtu mwingine. "Mtindi wangu una akili," alikuwa akisema. "Unajua pa kwenda." Ile dawa ya kupaka ya hospitali aliikataza, akisema inaikondesha ngozi ikawa kama ganda la kitunguu. Milka aliamini vyote viwili. Kwake yeye, siku chungu kile kilipomwagwa, ngozi ya mwanawe ndiyo iliyomwagwa.

Alizunguka kijiji kizima akiomba chachu. Hakuna aliyekuwa nayo. Wote walikuwa wananunua mtindi wa kopo. Kosta mwenye duka aliona hilo ni jambo la kuchekesha.

"Chachu ya kienyeji? Ngoja Mei, siku ya Mtakatifu Georgi, uamke mapema ukusanye umande wa kugandishia maziwa. Au ukaibe mayai ya sisimizi wekundu, ndivyo wazee walivyokuwa wakigandisha."

"Mei ni mbali, Kosta."

"Basi na sisimizi wenyewe wamelala. Nenda kalale na wewe, mama, macho yamekuwa mekundu."

Milka akanunua chachu ya mtindi ya unga, ya pakiti, akachemsha maziwa, akayapoza mpaka kidole kivumilie, akaitia, akayafunika blanketi. Mtindi uliganda vizuri, kijiko kikasimama ndani yake. Yana alikula mabakuli manne kwa siku, bila ubishi, kama mtu aliyepewa kazi. Lakini mwanzoni mwa Desemba ngozi ya viwiko ilipasuka, ikafuata ya nyuma ya magoti, kisha ya vidole. Mwalimu aliandika barua kwamba mtoto hawezi kushika kalamu.

Milka akampeleka hospitali. Daktari Hadjieva alikuwa mwanamke mfupi, miwani inaning'inia kifuani. Aliitazama mikono ya Yana, akaigeuza, akamwomba asubiri nje na muuguzi.

"Anakula nini?"

"Mtindi. Mabakuli manne kwa siku."

"Nimeuliza chakula, mama. Hiyo unaihesabu kama dozi."

"Mkate mweupe. Soseji. Tambi. Narudi kutoka kazini saa kumi na mbili jioni, daktari, na nyumba ina msiba."

"Pole sana. Na bibi yake alikuwa anampa nini?"

Milka hakujua. Mama yake ndiye aliyekuwa akimlisha mtoto. Yeye alikuwa akirudi na kukuta sahani zimeoshwa.

Daktari akasogeza kiti. "Tumboni mwa yule mtoto kuna bakteria wengi kuliko watu wote duniani. Wale wa kwenye mtindi ni wageni. Wanapita, wanasalimia, wanaondoka. Wanaweza kusaidia, sikatai. Wenyeji wako kwenye utumbo mpana, na hao wanakula tusichoweza kusaga sisi: maganda ya maharage, kabichi, vitunguu, nafaka isiyokobolewa. Wakishiba wanatoa asidi za namna fulani. Nyingine zinalisha ukuta wa utumbo, nyingine zinaingia kwenye damu, na zinasaidia kuwatuliza askari wa kinga ya mwili wasimpige kila mpita njia. Wenyeji wakikaa na njaa, ukuta unalegea na askari wanakuwa wepesi wa kushtuka. Kwa mtoto aliyezaliwa na ngozi kama ile, huenda hilo likaonekana nje."

"Kwa hiyo chungu cha mama hakikuwa kitu?"

"Sijasema hivyo. Huenda kilichangia. Huenda pia alikuwa anakua tu, maana wengi hupata nafuu wakikua. Na huzuni nayo inawasha ngozi, mama, amempoteza bibi yake. Fungu la kila kimoja silijui, na atakayekuambia analijua ana kitu anataka kukuuzia." Akavaa miwani. "Ila ngozi iliyokwisha kupasuka haifungwi na chakula peke yake. Dawa ya kupaka iko wapi?"

"Mama alisema inakondesha ngozi."

"Ukipaka mwaka mzima bila mpango, ndiyo. Ukipaka kama nitakavyokuandikia, hapana. Mama yako alikuwa mlezi hodari. Daktari hakuwa."

Milka alitaka kukasirika kwa ajili ya mama yake, lakini hasira haikuja.

Jioni ile alimpaka Yana dawa, wakakaa mezani.

"Bibi alikuwa anakupikia nini?"

"Siku gani?"

"Siku zote."

"Jumatatu maharage. Jumanne maharage yaliyobaki. Jumatano kabichi iliyochachuka pipani, na wali. Alhamisi viazi vilivyolala, baridi, na vitunguu. Ijumaa maharage tena, kwa sababu ni mfungo, hakuna nyama."

"Unajua anavyoyapika?"

Yana akatikisa kichwa kushoto na kulia, ambayo huku ndiyo ishara ya kukubali. "Anayaloweka. Asubuhi anayachemsha kidogo, anamwaga maji ya kwanza, anasema hayo yanajaza tumbo upepo, yatatuaibisha kanisani. Halafu kitunguu, karoti, pilipili nyekundu kavu. Mnanaa mwishoni kabisa. Ukiutia mapema anakupiga kijiko."

"Alikupiga?"

"Mara moja. Cha mbao."

Mtoto alisema "anapika", "anamwaga", kana kwamba bibi yuko uani anachukua kuni. Milka hakumsahihisha. Alichukua kalamu akaandika yote nyuma ya bahasha ya hospitali. Alikuwa ameishi katika nyumba ile miaka thelathini na sita, na mapishi yake alikuwa akiyapata kwa mtoto wa miaka tisa.

"Na maharage alinunua wapi?"

"Hanunui. Anachukua kwa Bibi Trendafila. Na kabichi. Wewe unakuwa kazini."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Milka alizunguka ukuta, akagonga. Ulikuwa mfungo wa Krismasi, na ndani mlinukia maharage.

"Umekuja kunidai maziwa?" aliuliza Bibi Trendafila bila kugeuka.

"Nimekuja kuomba maharage. Daktari kasema."

"Daktari! Kasoma miaka sita aje akuambie ule maharage?"

"Kasema bakteria wana njaa."

"Bakteria wa nani?"

"Wa Yana."

"Haya, lete sufuria. Sitaki kusikia kuna mtoto mwenye njaa hapa jirani, wala wadudu wake." Alichota, akachota tena, kisha akashusha mwiko. "Kaa, Milka. Nikuulize. Baba yako alipokufa, ni nani aliyemwaga kile chungu?"

Milka akakaa.

"Mama yako mwenyewe. Kwa mikono yake, nikiwa nimesimama pale mlangoni. Kesho yake akaja kwangu na kikombe, akaomba chachu. Nilikuwa bado nina ng'ombe. Ile unayoiita ya miaka arobaini ilikuwa na miaka kumi na miwili, na ilikuwa yangu." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Ningejua mtoto anaitegemea, ningekuuliza kwanza. Ningemwaga, lakini ningekuuliza."

Milka alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, kisha akalia, na Bibi Trendafila akamwacha alie huku akimjazia bakuli la kabichi. Juma lile lile arobaini ilipofika, wawili hao ndio waliochemsha ngano ya kugawia watu makaburini.

Sasa ni mwisho wa Februari. Dawa ilipakwa kila siku kwa majuma mawili, kisha siku mbili kwa juma kama ilivyoandikwa. Vidole vya Yana vimepona na viwiko vimefunga. Nyuma ya goti la kushoto bado pekundu, na jioni panamwasha. Daktari Hadjieva atamwona tena tarehe kumi na tisa Machi, saa tatu asubuhi, na Milka ameshaomba ruhusa kazini.