Mpira Nilioutupa

Mzee Zachariah hakunialika uwanjani nikaone mchezo. Alinialika anione mimi. Nkirote alikuwa amemwambia kwamba tunataka kuoana, na tangu siku hiyo baba yake hakusema ndiyo wala la. Alisema tu, "Jumapili tukitoka kanisani, mlete uwanja wa besiboli, Target Field."

Niliingia na kiburi changu kamili. Mimi ni mtoto wa Mumias, Kenya, nimekulia kwenye kandanda. Besiboli nilikuwa nimeiona huku Marekani tu, kwenye televisheni ya kantini, kule ghalani Shakopee ninakofanya kazi: wanaume wazima wamesimama tu, wanatafuna na kutema mate. Nilikuwa nimeshatunga beti mbili za kuukejeli mchezo huo, nimsomee Nkirote tukirudi.

Kisha tukapita ujia wa zege, tukatokea juani, na beti zote mbili zikanitoka kichwani.

Sijawahi kuona kijani kama kile. Nyasi zilikatwa kwa mistari, mwanga na kivuli, mwanga na kivuli, hadi kwenye udongo mwekundu uliolainishwa kama sakafu iliyosiribwa kwa ajili ya arusi. Kuta zilikuwa za mawe yenye rangi ya asali. Paa hapakuwa nalo. Majengo marefu ya Minneapolis yalichungulia kutoka juu kama watu waliokosa tiketi. Na watu! Maelfu kwa maelfu, ukoo mzima mzima, bibi vizee wenye kofia za timu, wakizungumza kwa sauti ya chini kana kwamba ibada haijaanza.

"Funga mdomo, kijana," Mzee alisema. "Nzi wa Minnesota ni wakubwa."

Nkirote alichekea kiganjani.

Tulikaa nyuma ya ukuta wa kushoto. Mzee alikuwa bado na tai ya kanisani, kofia ya Twins, timu ya nyumbani, kichwani, na mkononi glavu ya ngozi ya kudakia mpira, iliyokuwa nyeusi kwa jasho.

"Glavu hii ni rika la huyu," alisema, akimwonyesha Nkirote kwa kidevu. "Kila msimu nakuja nayo. Siku moja mpira utanijia."

"Haujawahi kukujia?"

"Umewajia majirani wote. Mmoja alikuwa amelala."

Akanipa mkate wenye soseji. "Kula. Usiulize kuku wenu Waluhya, mtu wa Mumias. Hapa hakuna."

"Na miraa yenu Wameru inauzwa mlango gani, Mzee?" nilimrudishia kabla sijafikiri.

Nkirote alinikanyaga mguu. Mzee alimgeukia bintiye. "Ana mdomo," alisema. Sikujua kama hiyo ilikuwa sifa au hukumu.

Mchezo ulikuwa umefika katikati mpigaji wetu alipoinua gongo. Mrushaji wa wageni alijikunja, akaachia. Nikasikia mlio mmoja, mkavu, kama kuni inayopasuliwa asubuhi ya baridi. Mpira ukapaa. Ukapaa mpaka ukawa tundu jeupe katika anga, na watu wote wale wakasimama, wakashika pumzi moja. Nimeutungia mwezi mashairi mengi, lakini mwezi haujawahi kuninyamazisha hivyo.

Ukaanza kushuka. Ulikuwa unakuja kwetu.

Mzee aliinua glavu. Mpira ukaigusa ncha, ukaruka, ukatua mikononi mwangu, ukiuma kama kaa la moto.

Na damu yangu ikafanya inachokijua. Kwetu tulikuwa na mpira mmoja, na miwa pande zote za uwanja. Mtazamaji aliyeudaka aliurudisha upesi na kwa nguvu. Aliyeukawiza aliitwa mwizi.

Niliurudisha. Kwa nguvu zangu zote. Ulipita juu ya mchezaji wa kushoto, ukadunda hadi kwenye udongo mwekundu.

Zomeazomea ikaanza.

"Bravin!" Nkirote alilia. "Uliopigwa na wageni ndio unaorudishwa! Uliopigwa na wetu unakaa nao maisha!"

Nilimgeukia baba yake. Glavu ilikuwa bado juu, wazi, tupu.

Mhudumu wa uwanja, mzungu mzee mwenye kizibao, alikuja akiuliza nani ametupa kitu uwanjani. Anayetupa hutolewa nje. Nilikuwa na maneno makali ya kujitetea, huwa sikosi. Lakini ile glavu ilinishinda.

"Ni mimi," nikamwambia. Kisha nikainamisha kichwa mbele ya Zachariah. "Nisamehe, Mzee."

Mzee aliishusha glavu. Alisimama, akanyoosha tai, akamwambia mhudumu kwa Kiingereza cha taratibu, kile anachotumia na jamaa za wagonjwa hospitalini anakofanya kazi: "Huyu ni mkwe wangu. Kwao mpira ukiwafikia watazamaji, huurudisha. Sikumfundisha. Kosa ni langu."

Mhudumu alitazama mahali mpira ulipoangukia, akatikisa kichwa. "Mkono gani huo!" alisema, akatuonya, akaenda zake.

Mimi nilikuwa bado nimebaki kwenye neno moja tu. Nkirote naye alikuwa amelisikia. Vidole vyake vilikuwa vimeukaba mkono wangu.

Mzee alikaa. Alimfuata kwa macho mpigaji mwingine mpaka akatoka. Halafu akanitupia glavu mapajani.

"Vaa."

"Mzee, hii ni yako."

"Mpira umeshakuchagua wewe, nifanyeje? Ila ukiurudisha tena, na wewe nitakurudisha Mumias."

Nikaivaa. Ilikuwa bado na joto lake. Mrushaji akajikunja tena, na uwanja mzima ukanyamaza, nami nikanyamaza pamoja nao.