Bakuli la Mayungiyungi

Kwa miaka tisa nilikuwa mbeba ndoo katika duka la maua. Kazi hiyo haina kiti. Ndoo hujazwa maji alfajiri, huhamishwa kutoka ukutani hadi mezani, humwagwa, husuguliwa utelezi wake, na kesho yake mambo ni yale yale. Kila jioni nilipovua viatu, nilikuta vimenichora miguuni kana kwamba nilikuwa nimefungwa kamba. Aliyekuwa na kiti ni mpangaji wa maua, mzee mpole tuliyemwita Fundi: kigoda kirefu chenye mto uliochanika, mbele ya meza ya kupangia. Fundi alipostaafu kwa sababu ya macho yake kufifia, kigoda kikabaki wazi, nami sikutamani kitu kingine duniani.

Ijumaa moja mwenye duka aliniita. Sote tulimwita Mama Mkasi, kwa sababu mkasi wake ulining'inia shingoni kuanzia asubuhi hadi tunapofunga mlango.

"Jumatatu na Jumanne tuna maonyesho ukumbini, pale maktaba," alisema. "Historia ya kupanga maua. Meza tano, vyombo vitano. Wageni wanaanza kuingia Jumatatu saa tisa mchana. Ukiiweza, kigoda chako. Ukishindwa, natafuta mtu wa nje."

Akanikabidhi kitabu kinene, chenye vikaratasi vitano vilivyochungulia juu, kimoja kwa kila mtindo. "Yote yamo humu. Si unasoma siku hizi?"

"Nasoma, mama."

Sikumdanganya. Nilikuwa na miezi minane katika darasa la watu wazima. Sikumwambia tu kwamba nasoma kwa kidole.

Jumapili mchana nilikaa jikoni na kitabu hicho. Binti yangu alikuwa akipiga pasi sare yake ya shule, huku akinitazama kwa pembe ya jicho.

"Mama, lete nikusomee. Dakika kumi tumemaliza."

"Wewe piga pasi yako."

"Haya, profesa. Ukikwama, niko hapa."

Nilikwama mara nyingi, lakini sikumwita. Nilisoma hadi shingo ikakakamaa. Nilisoma kwamba Wamisri wa kale walipanga yungiyungi la buluu katika bakuli pana, ua moja likirudiwa kwa safu, na matumba pande zake. Wagiriki walipenda zaidi kusuka mataji ya majani na maua. Katika mahekalu ya Uchina maua yaliwekwa kuwa sadaka, na Wajapani wakajenga mtindo wao juu ya matawi matatu, yenye urefu tofauti, huku nafasi tupu nayo ikihesabiwa kuwa sehemu ya pambo. Wachoraji wa Uholanzi waliyachora katika chombo kimoja maua ambayo hayachanui msimu mmoja. Hapo nilicheka peke yangu: kumbe hata wakubwa walipanga yasiyowezekana.

Darasani kwetu mwalimu hutugawia karatasi iliyoandikwa upande mmoja. Ukifika chini, somo limekwisha. Unakunja, unakwenda nyumbani kupika. Kwa hiyo kila nilipofika chini ya ukurasa nilipumua, nikaruka hadi kikaratasi kinachofuata.

Jumatatu tulikuwa ukumbini mapema. Dereva wa duka alishusha ndoo, vyombo, na kile kigoda. Sikukikalia. Hakikuwa changu bado. Nilianza na Misri, na saa tatu mayungiyungi yalikuwa wazi bakulini kama visahani vya buluu. Kisha nikasuka taji, nikapanga sadaka ya Kichina, nikakata matawi matatu mara nne kabla hayajakubaliana, nikakijaza chombo cha Kiholanzi hadi mikono ikaniwasha kwa utomvu.

Saa saba na nusu Dereva alikuja na chai.

"Dada, maua yako yamelala," alisema.

"Acha utani. Nimechoka."

"Na yenyewe yamechoka. Hebu tazama."

Niligeuka. Bakuli zima lilikuwa limejifunga. Kila ua lilikuwa limesimama kama ncha ya mkuki, kijani, bila chembe ya buluu.

"Sema yalifika mabovu," Dereva alininong'oneza. "Mimi ndiye niliyeyaleta. Nitwike mimi. Lawama kwangu ni kama koti la kazi, nimeshalizoea."

Nilikunywa chai yake bila kuisikia ladha. Ilikuwa njia nyepesi, na siku ile nilitaka sana chochote kilicho chepesi. Mama Mkasi aliingia saa nane, akasimama mbele ya bakuli.

"Nta iko wapi?"

"Nta gani, mama?"

"Ya mshumaa! Unaidondoshea kati ya petali, palepale chini, asubuhi yakiwa wazi, ili yasijifunge. Imeandikwa nyuma ya ukurasa."

Dereva alikohoa. Nikamtangulia.

"Nyuma sikufika, mama. Nasoma polepole, neno kwa neno. Nilidhani ukurasa ukiisha, na habari imeisha. Maua hayana kosa, na Dereva hana kosa."

Mama Mkasi alishika mkasi wake, akauachia. "Basi leo tuna bakuli la matumba. Nifanye nini nalo?"

"Niandike kadi," nilisema. "Tuwaambie ukweli wake."

Mama Mkasi akakisogeza kigoda kwa mguu hadi kwenye meza ya Misri. "Kaa. Huwezi kuandika umesimama."

Niliharibu kadi mbili. Ya tatu ilisomeka hivi: *Maua haya hufunguka asubuhi na kujifunga mchana. Sasa yamepumzika. Karibu tena kesho saa tatu.*

Wageni walipita. Bibi mmoja aliyevaa miwani minene aliisoma kadi huku midomo yake ikicheza, kama yangu ichezavyo. "Hawa wanaolala mchana wana akili kuliko sisi," alisema. "Kesho nitakuja kuwaona wameamka."

Mama Mkasi alimsikia. Mgeni wa mwisho alipotoka, alinigeukia.

"Kesho uwe hapa saa mbili. Keshokutwa kigoda kikirudi dukani, utakikalia wewe. Kitabu nenda nacho nyumbani, na kurasa uzigeuze, tafadhali."

"Ahsante, mama."

Nilitaka kufurahi kama inavyostahili, lakini uchovu ulikuwa umefika wa kwanza. Nyumbani nilitia miguu katika beseni la maji ya uvuguvugu, nikafungua kitabu kwenye ukurasa wa kwanza kabisa.

"Mwanangu, njoo ukae hapa. Mimi nasoma. Wewe ukiona nimefika chini, niambie nigeuze."

"Na ukisinzia?"

"Nikisinzia, geuza wewe."